Singida ina nyaya na upepo, bado turbaini: barua ya wazi kwa Wizara ya Nishati, TANESCO na EWURA

Waheshimiwa, salaam.

Kila mwaka Baraza la Nishati ya Upepo Duniani, GWEC, hutoa ripoti ya hali ya soko pamoja na makadirio ya miaka inayofuata. Ripoti ya 2025 ilisema kwamba mwaka 2024 dunia ilifunga mitambo mipya ya upepo ya gigawati 117, jumla ikafika gigawati 1,136, na kwamba kuanzia 2025 hadi mwisho wa 2030 zitaongezeka nyingine 981. Tuzipime hizo kwa kipimo tunachokijua. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina megawati 2,115. Gigawati moja ni megawati 1,000, kwa hiyo gigawati 981 ni sawa na mabwawa ya Nyerere zaidi ya 460, yajengwe ndani ya miaka sita. (Huo ni uwezo wa mitambo, si umeme utakaotoka, upepo haupulizi saa zote, na anayewaficha hilo msimwamini.)

Najua takwimu hizi zinawafikia. Zinaonyeshwa ukutani kwenye kumbi za mikutano ya nishati, mtaalamu anaeleza, mstari unapanda kuelekea kulia, na mahali fulani pembeni kuna ramani ya Afrika iliyopakwa kijani. Baada ya chai watu husaini hati za makubaliano. Hati hizo sisi wa Singida tumezizoea. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 tumesikia mradi wa megawati 50 ambao Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, na TANESCO wamo ndani yake, tukasikia na wa megawati 100 wa wawekezaji binafsi. Magazeti yaliandika tarehe za kuanza ujenzi, tarehe zikapita, wahariri wakahamia habari nyingine. Shamba la upepo ambalo nchi imefanikiwa kulisimamisha liko Mwenga, wilayani Mufindi: turbaini 3, megawati 2.4, tangu 2020. Wale wa Mwenga nawapongeza kwa dhati, wao walau walijenga.

Ninachowaomba katika barua hii kina pande mbili ambazo huenda zikaonekana kupingana. Msiyachukulie makadirio ya soko la dunia kama ahadi kwetu. Na msiyatupe kapuni.

Nianze na la kwanza. Mwaka 1998 Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, lenye makao yake Paris na ambalo serikali nyingi hulisikiliza kuliko wengine wote, lilikadiria kwamba ifikapo 2020 dunia nzima itakuwa na upepo wa gigawati 47 hivi. Kiasi hicho kilifikiwa mwishoni mwa 2004. Mwaka 1999 chama cha sekta ya upepo cha Ulaya, kikishirikiana na Greenpeace, kilitoa hesabu yake kuhusu mwaka huohuo wa 2020: gigawati 1,200. Mwaka 2020 ulipokwisha, mitambo iliyohesabiwa duniani ilikuwa gigawati 743.

Zitazameni namba hizo tatu kwa utulivu: 47, 1,200, na 743 ya kweli. Shirika lenye heshima liliona chini ya sehemu moja ya kumi na tano ya kilichokuja kutokea. Wafanyabiashara nao walizidisha kwa zaidi ya nusu. Mimi nikilazimishwa kuchagua nitamchagua mfanyabiashara, maana angalau alikuwa karibu zaidi. Lakini nisingemkopesha fedha kwa kutegemea hesabu yake.

Kwa nini walikosea? Tabia ya upepo ilikuwa inajulikana vizuri hata wakati huo. Kilichokuwa hakijulikani ni sheria ambazo zingepitishwa. Ujerumani iliweka sheria ya bei ya uhakika kwa umeme jadidifu mwaka 2000. China ilipitisha sheria yake ya nishati jadidifu mwaka 2005, ikiwa na gigawati moja na kidogo tu ya upepo. Mwaka 2024 peke yake ilifunga karibu gigawati 80. Hakuna mtaalamu wa Paris aliyeweza kuyaweka hayo kwenye jedwali lake mwaka 1998, kwa sababu yalikuwa bado hayajaamuliwa. Makadirio ya soko ni makadirio ya maamuzi ya watu wenye vyeo kama vyenu. Mkisoma kwamba Afrika itakua kwa kiasi fulani kufikia 2030, mjue mwandishi anakisia ninyi mtafanya nini.

Ndiyo maana hilo jina la "soko la dunia" linapotosha. Kati ya kila gigawati tatu zilizofungwa mwaka 2024, mbili zilifungwa China. Afrika na Mashariki ya Kati kwa pamoja zilipata gigawati 2 hivi, chini ya asilimia 2 ya zote, na Misri ndiyo iliyoongoza. Hata huko kwa wakubwa mambo hayajatulia. Septemba 2023 Uingereza ilitangaza matokeo ya mnada wa umeme na hakuna kampuni hata moja ya upepo wa baharini iliyojitokeza, kwa kuwa bei ya juu iliyoruhusiwa ilikuwa ndogo kuliko gharama. Novemba mwaka huo kampuni ya Ørsted ya Denmark iliachana na miradi yake miwili ya upepo wa baharini ya New Jersey, Marekani. Januari 2025 Rais wa Marekani alisimamisha vibali vipya vya upepo siku ileile aliyoapishwa. Mstari ule unaopanda ukutani una watu wengi wanaoweza kuukata.

Sasa tuje nyumbani, au tuseme kwa jirani, maana Kenya imeyapitia yote haya kabla yetu na darasa lake tumepewa bure.

Mradi wa Ziwa Turkana uko Loiyangalani, kaunti ya Marsabit. Una turbaini 365 za Vestas, kila moja kilowati 850, jumla megawati 310. Ulikuwa mkubwa kuliko yote Afrika ulipokamilika. Tangu mapema 2017 turbaini zote zilikuwa zimeshasimikwa, na upepo wa kule, mtu aliyewahi kufika atawaambia, si wa kubembelezwa. Umeme haukutoka. Njia ya kuusafirisha hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa jukumu la Serikali ya Kenya, na mkandarasi wake kutoka Hispania, Isolux, alifilisika kazi ikiwa katikati. Ikabidi atafutwe mwingine. Njia ilikamilika Septemba 2018. Kwa muda wote huo mkataba ulikuwa unasema kwamba umeme ambao ungezalishwa uhesabiwe kama umezalishwa, hivyo Kenya ikajikuta inadaiwa zaidi ya shilingi bilioni 5 za kwao kwa ajili ya umeme ambao haukuwahi kuwasha taa hata ya kibandani. Benki ya Dunia ilikuwa imejitoa kwenye dhamana tangu 2012 kwa hofu inayofanana na hiyo, kwamba nchi italipia umeme isioweza kuutumia.

Halafu ikaja ardhi. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi ule, ekari 150,000, zilipatikana bila kufuata utaratibu wa sheria. Kesi ilifunguliwa na wafugaji wenyeji. Turbaini zilikuwa zimeshazunguka miaka kadhaa.

Huko Kinangop, Nyandarua, haikufika hata hapo. Mradi wa megawati 60 uliokuwa na fedha, turbaini na mkataba ulifutwa mwaka 2016 baada ya wakulima kuukataa. Walitaka kujua ardhi yao itakuwa ya nani na afya zao zitakuwaje, na waliona wamefikiwa mwishoni. Kipeto kule Kajiado mambo yalikwenda tofauti: megawati 100, wenye ardhi wanakodisha na kulipwa kila mwaka, jamii ikapewa hisa asilimia 5, na wapo watu wenye kazi ya kukaa na darubini wakiangalia tai ili turbaini zisimamishwe ndege hao wanapokaribia. Ule mradi unafanya kazi.

Afrika Kusini inatoa fundisho la nyaya kwa namna nyingine. Mwaka 2022, katika awamu ya sita ya zabuni zake, nchi ile ilitaka megawati 3,200 za upepo. Ilipata sifuri. Waombaji walikuwepo, ila gridi ya majimbo ya Cape, ambako ndiko kwenye upepo, ilikuwa imejaa.

Waheshimiwa, wekeni hayo yote kando ya ramani yenu wenyewe. Njia kuu ya kilovoti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, kilomita 670, tayari ipo. Njia ya kuunganisha Kenya na Tanzania, kutoka Isinya kupitia Namanga, Arusha na Babati, kilomita zaidi ya 500, iliwashwa Desemba 2024. Inaishia wapi? Singida. Mkoa wetu, ambao nje unajulikana kwa kuku na alizeti, sasa ndipo mahali ambapo umeme wa Kusini unakutana na umeme wa Kaskazini.

Loiyangalani walikuwa na turbaini wakasubiri nyaya. Sisi tuna nyaya na tunasubiri turbaini. Kati ya hali hizo mbili, yetu ndiyo nafuu zaidi, kwa kuwa sehemu ngumu, ya gharama na ya miaka mingi, imeshafanyika kwa fedha na mikopo ambayo tayari tunailipa.

Najua jibu litakalokuja: tuna umeme wa kutosha, bwawa limekamilika, mitambo yote tisa inafanya kazi. Ni kweli, na Machi 2024 mvua zilikuwa nyingi hadi baadhi ya vituo vya maji vikazimwa kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Lakini kalenda ya TANESCO ina kurasa nyingine. Mwaka 2006 tulikuwa kwenye mgao. Mwaka 2011 tena. Mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 tena, vinyozi na wenye mashine za kusaga wakikaa vibarazani kusubiri umeme, miezi michache tu kabla ya mvua hizo. Nchi iliyotoka kwenye kuzima taa kwa kukosa maji ikaingia kwenye kuzima mitambo kwa maji kuzidi, ndani ya msimu mmoja, haina tatizo la uhaba wala la ziada. Tatizo lake ni kwamba imeegemea mawingu. Na bwawa la Rufiji, pamoja na fahari yote tuliyonayo juu yake, limetuegemeza zaidi.

Upepo wa nyanda za kati una tabia moja ambayo ningependa mhandisi wenu wa uendeshaji gridi awaeleze kwa kirefu kuliko nitakavyoweza mimi. Unapuliza zaidi miezi ya kiangazi, mito inapopungua. Kila saa ambayo turbaini ya Singida inazunguka mwezi Septemba, kuna maji ambayo Mtera, Kidatu na Rufiji hawalazimiki kuyaachia. Yanakaa yakisubiri jioni ambayo upepo umetulia. Lile lalamiko la kila siku kuhusu upepo, kwamba hautabiriki na gridi inayumba, ni lalamiko la kweli kwa nchi isiyo na mabwawa. Mitambo ya maji inaweza kupandishwa na kushushwa ndani ya dakika chache. Nchi nyingi za Ulaya zingetamani kuwa na bwawa la ukubwa ule pembeni ya mashamba yao ya upepo.

Kuna na suala la umbali. Machi 2025, akiwa Kilimanjaro, Rais Samia alieleza kwamba umeme unaosafirishwa kutoka mitambo ya Kusini na Mashariki hadi mikoa ya Kaskazini unapotea kwa wingi njiani, na ndiyo sababu ya kufikiria kununua wa Ethiopia kupitia Kenya. Watu walimshambulia mitandaoni, nami naona hoja yake ilikuwa ya kihandisi na sahihi. Ila mtu akiitafakari hadi mwisho, swali linalofuata ni hili: katikati ya Dodoma na Arusha, kando ya njia ileile ya kilovoti 400, hakuna chanzo cha umeme? Kipo, na hupuliza hadi vumbi la mnada linaingia machoni.

Woga wenu kuhusu mikataba nauelewa, wala siudharau. IPTL, Richmond, sakata la Escrow, zote kashfa za mikataba ya umeme: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. TANESCO imewahi kulipia mitambo iliyokaa kimya, na mnunuzi wa umeme wa luku ndiye aliyebeba mzigo. Ndiyo maana nasema mradi wa upepo usije kwa mlango wa hati za makubaliano, ambapo mwekezaji mmoja anafika na bei yake, mnabishana naye miaka saba, na mwishoni hakuna anayejua bei halali ilikuwa ipi. Uje kwa zabuni ya wazi. Serikali itangaze mahali, itangaze kituo cha kupoza umeme, itangaze megawati, na ishindanishe bei tu. Afrika Kusini ilianza hivyo mwaka 2011, na bei ya umeme wa upepo katika awamu ya nne ilikuwa imeshuka hadi karibu nusu ya ile ya awamu ya kwanza. Shilingi nayo izingatiwe. Mkataba wa Turkana ni wa miaka 20 na hulipwa kwa yuro. Anayekusanya mapato kwa shilingi aliyekubali hivyo ameweka rehani ambayo hakuandikiwa bei.

Kipengele cha kulipia umeme ambao haukupokelewa hakikwepeki kabisa, kwa sababu benki haitakopesha bila hicho. Lakini kinawezekana kuwekewa kikomo, na hatari yake kubwa kuliko zote, yaani nyaya kuchelewa, kwetu imeshaondoka. Hiyo ndiyo turufu yenu mezani. Itumieni mapema, kwani nafasi kwenye nyaya nayo huisha, waulizeni Cape.

Ili zabuni ivutie bei ndogo kuna jambo moja la kufanya kwanza, na ni la gharama ndogo kushinda yote. Takwimu za upepo. Nyaraka za Serikali zimekuwa zikirudia namba zilezile kwa miaka: Kititimo, Singida, mita 9.9 kwa sekunde. Makambako, mita 8.9. Zilipimwa karibu na ardhi, kwenye urefu wa mita 30, na turbaini za leo zinasimama kwenye minara ya mita 100 na zaidi. Nguvu ya upepo hupanda kwa mchemraba wa kasi yake. Upepo wa mita 7 una nguvu karibu asilimia 60 zaidi ya ule wa mita 6, kwa hiyo kukosea kidogo kwenye kupima ni kukosea sana kwenye fedha. Mwekezaji asiyekuwa na uhakika wa kasi hupandisha bei ili ajikinge, na anayelipa ni sisi. Simamisheni milingoti mirefu ya kupimia, mwaka mmoja kamili au miwili, saa kwa saa. Kisha zichapisheni namba zote bure ili kila mshindani aanze na karatasi moja. Takwimu zilizokusanywa na makampuni yaliyopita na kuondoka, kama mikataba inaruhusu, nazo zitolewe kwenye makabati.

Na ardhi. Sehemu kubwa ya ardhi inayofaa ni ya vijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaeleza mkutano mkuu wa kijiji una nafasi gani. Nawasihi mwende vijijini kabla ya zabuni, si baada. Kati ya turbaini moja na nyingine kuna nafasi ya mamia ya mita. Alizeti na uwele vitaendelea kulimwa pale chini, ng'ombe watapita. Hakuna sababu ya kumhamisha mtu kwa eneo zima na kumlipa fidia ya mara moja ambayo itakwisha kwa bodaboda mbili. Mkulima akodishe, alipwe kila mwaka kadiri turbaini iliyo shambani mwake inavyozalisha, na halmashauri ipate sehemu yake kwa utaratibu ulioandikwa. Mtu mwenye malipo ya mwaka ujao hatashika panga kwenda kusimamisha magari. Viongozi wa mkoa wakisema wananchi wameelimishwa, tafadhali ombeni muhtasari wa mkutano wenye sahihi.

Mtaniuliza megawati ngapi. Si za kwenye ripoti za dunia. Anzeni na 100, ambazo gridi yetu inazimudu bila kutetereka, mwezi wa kiangazi na mwezi wa masika muone zinavyofanya, kisha muitishe nyingine. Makambako wanastahili kufuata, na wao wana upepo wao na subira yao ndefu.

Hotuba ya bajeti ya Wizara husomwa bungeni Dodoma, mwendo wa saa chache tu kutoka hapa, na huwa inatusomea orodha ndefu ya miradi ya upepo iliyo katika "hatua mbalimbali". Safari hii tutakuwa tunasikiliza mambo mawili ndani yake: tarehe ya kutangazwa zabuni ya Singida, na jina la kituo ambacho mshindi ataunganishiwa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Singida